Gesi Zinazoliamuru Tumbo: Tuulize Kwanza Zimetengenezwa Wapi

Mwaka 1993 kundi la watafiti wa Marekani, wakiwemo Paul Huang, Solomon Snyder na Mark Fishman, lilichapisha taarifa ya panya wadogo wa maabara waliovurugwa jeni moja tu, ile inayoelekeza utengenezaji wa kimeng'enya cha neva kinachozalisha gesi ya nitriki oksaidi. Kimeng'enya hicho kilitambuliwa kwanza katika ubongo na kinapatikana humo kwa wingi, kwa hiyo aliyefuatilia utafiti huo alikuwa na haki ya kutarajia ubongo uliovurugika. Ubongo wa panya hao ulipochunguzwa haukuonyesha kasoro kubwa ya umbo. Kasoro ilikuwa tumboni: tumbo lilikuwa limetanuka mara kadhaa kuliko la panya wa kawaida, limejaa chakula kisichoshuka, na msuli wa mlango wake wa chini, yaani pailorasi, ulikuwa umenenepa.

Tangu hapo panya hao wametajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba tumbo haliwezi kufanya kazi yake sawasawa bila nitriki oksaidi, na ushahidi huo ni wa kweli. Tatizo ni kwamba walikosa kimeng'enya hicho kila mahali kwa wakati mmoja: katika shina la ubongo ambako amri za tumbo hupangwa, katika nyuzi za neva, na katika seli za neva zilizotandaa ndani ya ukuta wa tumbo lenyewe. Wanatuambia kwamba gesi inahitajika, lakini hawatuambii ni gesi ya wapi. Nadai katika makala hii kwamba swali la mahali ndilo kiini cha mada nzima, na kwamba maandishi mengi kuhusu gesi hizi, ya kitaalamu na ya kibiashara, hulipita mbio kwa sababu ni rahisi zaidi kuandika kwamba gesi fulani hulegeza tumbo kuliko kueleza ilitengenezwa na seli ipi, wakati gani na kwa kiasi gani.

Kwanza niondoe dhana moja. Gesi zinazozungumziwa hapa si zile zinazomfanya mtu aseme tumbo limemjaa gesi baada ya kula maharage. Hizo hutokana na hewa iliyomezwa na kazi ya bakteria wa utumbo mpana, na njia zake za kutokea zinajulikana. Ninazozijadili hutengenezwa na seli za mwili zenyewe kwa kiasi kidogo mno, huyeyuka katika majimaji ya mwili bila kutoa hata kiputo, na hufanya kazi ya kupeleka ujumbe. Ni tatu zilizochunguzwa zaidi: nitriki oksaidi, kaboni monoksaidi na hidrojeni salfaidi. Mbili za mwisho zina sifa mbaya mtaani. Kaboni monoksaidi ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha, na hidrojeni salfaidi ndiyo yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huzuia seli kutumia oksijeni na inaweza kumuua fundi aliyeshuka katika shimo la maji taka. Si ajabu kwamba wanasayansi wengi walisita kukubali kuwa ubongo unazitengeneza na kuzitumia.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba utando wa ndani wa mshipa wa damu hutoa kitu fulani kinachoulegeza mshipa huo; mwaka 1987 kitu hicho kikatambuliwa kuwa nitriki oksaidi; mwaka 1988 John Garthwaite na wenzake wakaonyesha kwamba seli za ubongo nazo hutoa kitu kama hicho zinapochochewa na glutamati, mjumbe mkuu wa kuzichangamsha seli za ubongo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, na Salvador Moncada, ambaye maabara yake ilitoa mojawapo ya uthibitisho muhimu wa mwaka 1987, aliachwa nje, uamuzi ambao hadi leo unanishangaza. Kaboni monoksaidi ilipendekezwa kuwa mjumbe wa neva mwaka 1993 na maabara ya Snyder, na hidrojeni salfaidi ikafuata mwaka 1996 kupitia kazi ya Kazuho Abe na Hideo Kimura wa Japani.

Kinachozitofautisha gesi hizi na wajumbe wengine wa neva ni namna zinavyosafiri. Mjumbe wa kawaida, kwa mfano asetilkolini, huhifadhiwa katika vifuko vidogo kwenye ncha ya uzi wa neva, hufunguliwa mpigo wa umeme unapofika, hushika kipokezi chake maalumu upande wa pili, kisha huvunjwa. Kila hatua ina mlango wake na mlinzi wake. Gesi haina ghala wala mlango. Hutengenezwa papo kwa papo, hupenya utando wa seli kuelekea pande zote, na inaweza hata kurudi nyuma hadi kwenye seli iliyotuma ujumbe wa kwanza. Inafanana na harufu ya pilau katika nyumba ya kupanga: haibishi hodi na haichagui chumba, ila anayeitikia ni yule aliye karibu na mwenye njaa. Mwenye njaa hapa ni seli iliyobeba shabaha ya gesi hiyo. Kwa nitriki oksaidi, shabaha kuu ni kimeng'enya cha guanilili saiklesi, chenye chembe ya chuma ndani yake, ambacho kikiguswa na gesi hutengeneza molekuli ya pili inayoitwa GMP ya mzunguko. Molekuli hiyo ikiongezeka ndani ya msuli laini, msuli hulegea. Ikiongezeka ndani ya seli ya neva, seli hiyo inaweza kuchangamka au kupoa, kulingana na mitambo mingine iliyomo.

Kwa kuwa gesi haihifadhiwi, udhibiti wote huhamia kwenye kimeng'enya kinachoitengeneza. Kimeng'enya cha neva cha nitriki oksaidi hubaki kimelala mpaka kalsiamu iingie ndani ya seli, na mojawapo ya milango mikuu ya kalsiamu hiyo ni kipokezi cha glutamati cha aina ya NMDA. Kwa maneno mengine, gesi hutengenezwa pale ambapo seli inashtuliwa na jirani zake kwa wakati huo. Anayesahau jambo hili huanza kuizungumzia nitriki oksaidi kama dawa iliyomo mwilini kwa kipimo fulani, wakati kwa hakika ni tukio linalotokea mahali fulani na kwisha baada ya muda mfupi.

Sasa twende kwenye shina la ubongo, mahali ambapo neva ya vagasi, ile ndefu inayounganisha ubongo na tumbo, huingia na kutoka. Tuchukue tonge moja la ugali. Likishuka katika umio, ukuta wa umio hutanuka, na nyuzi za vagasi zinazohisi mtanuko huo hupeleka taarifa hadi kwenye kundi la seli linaloitwa nyukliasi ya trakti solitari, ambalo nitaliita kituo cha mapokezi. Kituo hicho huchambua taarifa na kuipeleka jirani, umbali usiofika hata milimita chache, hadi kwenye nyukliasi endeshi ya nyuma ya vagasi, ambayo nitaiita kituo cha amri. Kutoka hapo amri hushuka kwa vagasi hiyo hiyo hadi tumboni, na sehemu ya juu ya tumbo hulegea kabla tonge halijafika. Walter Cannon na mwenzake Lieb waliueleza ulegevu huu wa kupokea chakula tangu mwaka 1911. Kwa sababu yake tumbo tupu, ambalo lina nafasi ya takriban mililita 100 au chini ya hapo, linaweza kupokea lita nzima ya chakula na kinywaji bila shinikizo la ndani kupanda sana. Mwaka 1991 Desai, Sessa na Vane walionyesha kwa tumbo la nguruwe wa Guinea kwamba kizuizi cha utengenezaji wa nitriki oksaidi huudhoofisha ulegevu huo.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanasoma kwamba nitriki oksaidi ndiyo inayolegeza tumbo linapopokea chakula, kisha wanasoma kwamba kimeng'enya chake kimo pia katika shina la ubongo, wakaunganisha sentensi mbili kuwa moja: nitriki oksaidi ya shina la ubongo hulegeza tumbo. Hitimisho hilo linaweza kuwa sahihi katika hali fulani, lakini halitokani na sentensi zile mbili. Gesi ya ukutani mwa tumbo huugusa msuli moja kwa moja. Gesi ya kituo cha mapokezi au cha amri haijawahi kuuona msuli. Inachobadilisha ni kasi ya mipigo ya umeme ya seli za neva zilizo umbali mrefu kutoka tumboni. Kati ya pande hizo mbili kuna hatua kadhaa, na katika kila hatua maana ya ujumbe inaweza kugeuka.

Mwaka 1994 Alberto Travagli na Richard Gillis walichapisha kazi iliyofanywa katika vipande vyembamba vya shina la ubongo wa panya, wakaonyesha kwamba nitriki oksaidi huzichangamsha seli za kituo cha amri. Msomaji wa haraka angetarajia kwamba seli za vagasi zikichangamka, tumbo litabana kwa nguvu zaidi, kwa kuwa tumefundishwa shuleni kwamba vagasi huchochea umeng'enyaji. Lakini vagasi hupeleka tumboni amri za aina mbili. Njia ya kwanza huishia kwenye seli za neva za ukuta wa tumbo zinazotoa asetilkolini, na msuli hubana. Njia ya pili huishia kwenye seli nyingine za ukuta huo huo zinazotoa nitriki oksaidi pamoja na wajumbe wenzake, na msuli hulegea. Nyuzi za vagasi zenyewe katika njia zote mbili hutoa hasa asetilkolini kwenye kituo cha mwisho kabla ya msuli. Tofauti iko kwa anayepokea. Kwa hiyo seli ya kituo cha amri ikichangamka hatujui bado kama tumbo litabana au litalegea, mpaka tujue seli hiyo imeunganishwa na njia ipi. Kwa panya, sehemu ya mbele ya kituo hicho huelekea zaidi njia ya kubana na sehemu ya nyuma huelekea zaidi njia ya kulegeza. Sindano ikisogea nusu milimita tu, jibu linaweza kubadilika.

Wasomaji wanaodhani huu ni ubishi wa maabara tu watazame historia ya upasuaji. Kuanzia mwaka 1943 Lester Dragstedt wa Chicago aliwatibu wagonjwa wa vidonda vya tumbo kwa kukata vagasi ili kupunguza asidi. Asidi ilipungua, lakini wagonjwa wengi walibaki na chakula kimeganda tumboni, hata ikabidi madaktari waanze kuupanua mlango wa pailorasi katika upasuaji huo huo. Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba vyakula vigumu vilichelewa kushuka, ilhali vinywaji vilishuka haraka kuliko kawaida. Mkato mmoja ulizifuta njia zote mbili: bila amri ya kubana, sehemu ya chini haikusaga chakula vizuri, bila amri ya kulegea, sehemu ya juu haikuweza kuhifadhi kinywaji, ikakisukuma mbele. Yeyote anayesema kwamba vagasi inaongeza au inapunguza mwendo wa tumbo, bila kutaja njia, atakuwa na nusu ya ukweli kila mara.

Tuangalie sasa jinsi ushahidi wa gesi za shina la ubongo unavyopatikana, kwa sababu njia ya kuupata ina mipaka inayofaa kujulikana. Panya hupewa dawa ya usingizi, kichwa chake hukazwa katika kifaa cha kupimia nafasi kwa vipimo vya milimita, na nyuma ya fuvu hufunguliwa. Bomba la kioo lenye ncha nyembamba kuliko unywele huteremshwa hadi kwenye kituo kinachotakiwa. Tumboni huwekwa puto dogo lililounganishwa na kipima shinikizo, au hushonwa kihisi cha mvutano juu ya ukuta wa nje. Mawimbi ya kubana huonekana katika skrini kama vilima vinavyofuatana. Kisha tone la ujazo mdogo sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya milioni tano ya lita, hudungwa: kwanza maji ya chumvi peke yake, baadaye kemikali inayotoa gesi au inayozuia kimeng'enya. Jaribio zuri hurudia kipimo baada ya kukata vagasi, ili kuthibitisha kwamba athari ilipita humo, na mwishoni ubongo hukatwa vipande na kutiwa rangi ili kuhakikisha tone liliangukia palipokusudiwa.

Kwa njia hiyo watafiti, hasa nchini China, wameichunguza hidrojeni salfaidi katika kituo cha amri na katika nyukliasi ambigua, kituo kingine cha vagasi kilicho pembeni yake. Walipodunga chumvi ya sodiamu haidrosalfaidi, ambayo hutoa gesi hiyo inapoyeyuka, mawimbi ya tumbo yalipungua. Matokeo hayo yanalingana na mambo mengine yanayojulikana: kimeng'enya kikuu cha gesi hii katika ubongo kimeripotiwa humo, na Abe na Kimura walikwishaonyesha katika sehemu nyingine ya ubongo kwamba gesi hiyo huongeza mwitikio wa vipokezi vya NMDA, vile vile vinavyoruhusu kalsiamu kuingia na kuamsha kimeng'enya cha nitriki oksaidi. Mtu anaweza kuona hapo jinsi gesi moja inavyoweza kuiita nyingine.

Hata hivyo, nina shaka na kiasi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba hidrojeni salfaidi katika ubongo hufikia viwango vya mikromola hamsini hadi zaidi ya mia moja. Mwaka 2008 Furne, Saeed na Levitt walitumia njia nyingine ya kupima na kupata viwango vya takriban nanomola 15 tu katika ubongo na ini la panya wadogo, yaani chini kwa maelfu ya mara. Vipimo vya zamani vilitumia asidi kali, na asidi hiyo yenyewe inaweza kuiachia gesi iliyokuwa imefungwa katika protini. Ubishi kuhusu kiwango halisi haujamalizika, lakini upande wowote ukishinda, swali kwa majaribio ya sindano linabaki zito: tone lililodungwa mara nyingi hubeba mkusanyiko mkubwa sana kuliko ule ambao seli huuona katika maisha ya kawaida. Gesi inayozuia matumizi ya oksijeni ikiwa nyingi inaweza kupoza seli za neva bila kubeba ujumbe wowote. Ndiyo maana mimi huyapa uzito zaidi majaribio yanayozuia kimeng'enya cha mwili kuliko yale yanayoongeza gesi kutoka nje. Kuongeza kunaonyesha kile gesi inachoweza kufanya. Kuzuia kunakaribia zaidi kile inachofanya kila siku. Vizuizi navyo vina kasoro zake, kwa kuwa vile vya hidrojeni salfaidi vinajulikana kugusa vimeng'enya vingine.

Kuhusu kaboni monoksaidi nitasema machache, kwa sababu ushahidi wake katika shina la ubongo kuhusu tumbo ni mwembamba. Gesi hii huzaliwa seli inapovunja hemu, yaani kiini chenye chuma kilichomo katika rangi nyekundu ya damu, kwa kimeng'enya cha hemu oksijinesi, ambacho aina yake ya pili imejaa katika ubongo na katika neva za utumbo. Panya waliokosa aina hiyo ya pili walionyesha, katika kazi ya maabara ya Snyder ya mwaka 1997, ulegevu wa utumbo uliopungua. Katika tumbo la panya wenye kisukari, aina ya kwanza ya kimeng'enya hicho imeonekana kuzilinda seli za Cajal, zile zinazoanzisha mawimbi ya umeme ambayo kwa binadamu hupiga takriban mara tatu kwa dakika. Yote haya ni habari za ukuta wa tumbo na utumbo, na si sahihi kuyahamishia shina la ubongo kwa kuwa tu kimeng'enya kinapatikana pande zote mbili.

Kosa hilo la kuhamisha mahali lina gharama kwa watu wasiowahi kuingia maabara. Madukani na mitandaoni huuzwa unga wa bitiruti, vidonge vya arginini na michanganyiko yenye majina makubwa, kwa ahadi kwamba vitaongeza nitriki oksaidi na hivyo kutibu kila kitu kuanzia nguvu za kiume hadi chakula kutosagika. Ni kweli kwamba bitiruti ina nitrati, kwamba bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa nitriti, na kwamba nitriti ikikutana na asidi ya tumbo hutoa nitriki oksaidi; jambo hilo lilielezwa mwaka 1994. Lakini hapo tumepata mahali pa tatu, ndani ya uwazi wa tumbo, mahali ambapo gesi huzaliwa bila kimeng'enya cha neva na bila amri ya ubongo. Aliyekunywa juisi hiyo hajagusa kituo cha amri wala njia ya pili ya vagasi. Kuhusu arginini, ambayo ndiyo malighafi ya kimeng'enya, kinachoamua ni kalsiamu na mshtuko wa seli, kwa hiyo kurundika malighafi si sawa na kuwasha mtambo. Sisemi bitiruti ni mbaya. Inaliwa na ina faida zake kama mboga. Ninachokataa ni kutumia elimu ya shina la ubongo kuuzia unga.

Hata dawa halisi zimekumbana na tatizo hilo hilo. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya wadogo wenye kisukari hupungukiwa na kimeng'enya cha neva cha nitriki oksaidi katika pailorasi, na kwamba insulini, au sildenafili inayoizuia GMP ya mzunguko isivunjwe haraka, hurudisha tumbo kwenye kasi yake. Matumaini yalikuwa makubwa kwa wagonjwa wa kisukari wa muda mrefu, ambao baadhi yao hupata tumbo lisilosukuma chakula: hushiba kwa matonge machache, hutapika chakula cha saa nyingi zilizopita, na sukari yao hupanda na kushuka bila mpangilio kwa sababu haijulikani chakula kitafika lini kwenye utumbo mwembamba. Sildenafili ilipojaribiwa kwa wagonjwa haikutoa nafuu iliyotarajiwa. Hemini, iliyokusudiwa kuamsha hemu oksijinesi ili kaboni monoksaidi ipatikane zaidi, nayo haikuharakisha tumbo kwa wagonjwa wa kisukari. Nionavyo, matokeo hayo hayakanushi umuhimu wa gesi. Yanaonyesha kwamba dawa inayoinua ishara kila mahali hulegeza mlango wa chini, jambo linalotakiwa, na wakati huo huo hulegeza sehemu ya juu na kupunguza nguvu ya kusaga, jambo lisilotakiwa. Hatua moja hughairi nyingine.

Ndiyo maana ningependa kuona fedha za utafiti zikielekezwa kwenye panya ambao kimeng'enya kimeondolewa katika kundi moja tu la seli, kwa mfano seli za kituo cha amri zinazoelekea sehemu ya juu ya tumbo, huku ukuta wa tumbo ukiachwa mzima. Zana za kufanya hivyo zipo na zimekuwepo kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Travagli na wenzake walikwishaonyesha kwamba seli za kituo hicho zenye kimeng'enya cha nitriki oksaidi hazikuelekezwa ovyo, bali huelekea zaidi sehemu ya juu ya tumbo kuliko sehemu nyingine. Hilo ni dokezo kubwa kwamba gesi hiyo ya ubongo inahusika hasa na kupokea chakula, na kidogo na kukisaga. Majaribio ya panya aliyelala kwa dawa ya usingizi, ambaye hajameza tonge wala hajashiba, hayawezi kulijaribu dokezo hilo ipasavyo.

Suala hili halingoji maabara peke yake, kwa kuwa tayari ziko dawa zinazogusa mzunguko huu kwa mamilioni ya watu. Metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa wagonjwa wa kichefuchefu katika hospitali nyingi, hupenya hadi ndani ya ubongo, na ndiyo sababu huweza kumletea mgonjwa mikazo ya misuli ya uso na shingo. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kuhusu matumizi ya muda mrefu. Semaglutidi na wenzake, wanaotumika kwa kisukari na unene, huiga homoni ya GLP-1, na kwa panya homoni hiyo ikiwekwa katika shina la ubongo hulegeza tumbo kupitia vagasi. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri mgonjwa anayechoma dawa hizo mara moja kwa wiki aisimamishe wiki moja kabla ya upasuaji wa kupangwa, kwa hofu kwamba tumbo lake litakuwa bado na chakula ingawa amefunga tangu usiku, na mwaka uliofuata ushauri huo ukalegezwa kwa kutazama hatari ya kila mgonjwa. Anayepangiwa upasuaji na anatumia dawa hizo amwambie daktari wa usingizi siku ya miadi ya kwanza, kabla ya kulazwa, ajulishe pia kama kuna siku amekuwa akishiba haraka au kutapika.